Kopo la Mzee Usitupe

3 Februari

Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, miguu ikikubeba mpaka posta na kukurudisha. Masikio siulizi, najua yalishaaga. Huku hatujambo. Wajukuu wako wanakusalimu. Yule mkubwa amenipita kimo na anadhani amenipita akili pia.

Utauliza mbona kimya tangu Novemba. Nilikuwa na neno moja lililonikwama kooni, na wewe hupendi barua ya salamu tupu. Basi nalitema: nilifeli.

Nasema ule mtihani wa cheti cha ufundi wa kompyuta. Maswali mia moja, dakika tisini. Unakaa mbele ya skrini, swali linatokea, chini yake majibu manne, unabofya moja. Kupita ni sabini na tano. Nilipata sitini na nane. Matokeo yanatokea palepale, kabla hujainuka kitini, na msimamizi, binti aliyekuwa akitafuna kitu tangu asubuhi, akaniambia, "Pole, mama," bila kunitazama, kama mtu aliyemkanyaga mwenzake sokoni.

Miaka kumi na tisa nimetengeneza kompyuta za hospitali hii. Ya mapokezi, ya maabara, ya dirisha la dawa, zote nimezifungua mara nyingi kuliko nilivyofungua kabati langu. Sasa tumeletewa mkuu mpya wa kitengo. Tunamwita Bwana Utaratibu, kwa sababu hata kupiga chafya anaonekana amesoma mwongozo kwanza. Ametoa waraka: fundi asiye na cheti ifikapo mwisho wa Septemba, mkataba wake hautaongezwa. Wenzangu wawili, vijana ambao ukijumlisha umri wao unapata wangu, walipita mara ya kwanza. Ndio haohao wanaonijia: "Mama, hii inalia mara tatu halafu kimya. Ina nini?" Nainama, nanusa, nawaambia. Wao wana cheti, mimi nina pua.

Swali lililoniumiza ni hili. "Kisanduku cha umeme cha kompyuta hakitoi umeme. Utafanya nini?" Jibu la kwanza: kukifungua na kubadilisha kapasita iliyovimba. Yaani vile vipipa vyetu, baba, vinavyohifadhi umeme. Jibu la pili: kubadilisha kisanduku kizima. Mkono wangu ulikwenda kwenye la kwanza kabla sijamaliza kusoma. Ni kosa. Kitabu chao kinasema fundi hafungui. Anatoa, anatupa, anaweka kipya. Maswali ya namna hiyo yalikuwa kama kumi, na yote niliyajibu kama mtoto wako.

Nafasi ya kurudia kabla ya Septemba kwisha ni moja tu: tarehe 14 Agosti, saa tatu asubuhi. Sitaki unionee huruma. Nimekwambia ili uache kumsumbua karani wa posta.

Binti yako,
Pua


19 Februari

Mwanangu Pua,

Marahaba, na marahaba nyingine ya akiba. Mimi ni mzima kadiri mzee anavyoruhusiwa: maumivu mapya hakuna, na ya zamani tumezoeana. Umefanya vema kuandika. Simu siisikii, na meseji ni maneno yaliyokatwa miguu.

Sasa nisikilize. Hukufeli. Anayesema umefeli aje hapa mlangoni kwangu nimwulize: tangu lini mshonaji akatahiniwa kwa kuulizwa atupe nguo gani? Nguo ikichanika, mshonaji hushona. Anayesema "tupa, nunua nyingine" si mshonaji, huyo ni mwenye duka. Mtihani huo haukupima ufundi wako. Ulipima kama umekubali kuwa mteja. Nimesoma magazeti miaka hamsini, hata yale yaliyofungiwa misumari, na swali lililobaki na maana kwangu ni moja: nani anakula hapa? Fundi akisema "badilisha", anakula anayeuza cha kubadilishia. Fundi akisema "tengeneza", anakula fundi. Ndiyo maana hawakwenda kumtahini mwenye duka.

Miaka thelathini na nne niliendesha duka la redio bila karatasi ukutani isipokuwa kalenda. Nani aliniuliza cheti? Waliniuliza, "Itaimba?" Ikiimba, yamekwisha. Na wewe nilikuita Pua ukiwa na miaka sita, siku uliyosema redio ya jirani inanuka "kama nywele zinazoungua", nami sijaigusa hata skrubu. Ulikuwa umeona kosa kabla ya mita yangu. Leo binti anayetafuna anakupa pole!

Kopo langu la maziwa ya unga bado liko mezani. Kila ubao mfu wa kompyuta ulionitumia kutoka huko hospitali niliuchomoa vipipa vyake kimoja kimoja, nikavipima, vizima nikavitia kopo. Limejaa hadi shingoni. Mtaani bado naitwa Mzee Usitupe, hata na watu waliohamia baada ya duka kufungwa na ambao hawajui nilikataa kutupa nini.

Nitumie hicho kitabu chao. Hata nusu. Adui husomwa kwanza, ndipo hupigwa.

Baba yako


11 Machi

Baba,

Shikamoo. Barua yako ilinikuta mgonjwa wa mafua nikapona kwa kucheka. Wewe je, kifua kimetulia? Usitembee kwenye mvua kwa sababu ya barua, barua haiozi.

Nimekutumia fotokopi ya kitabu, sehemu yote ya kutafuta hitilafu. Mwenye mashine aliniuliza kama natoa nakala ya mashtaka. Nikamwambia ndiyo, na mshtakiwa ni mimi.

Ukisoma utaona wanazo hatua sita, na hatua hizo wanazipenda kuliko mashine yenyewe. Ya kwanza, mwulize mtumiaji kilichotokea. Ya pili, jenga dhana ya chanzo. Ya tatu, jaribu dhana. Ya nne, panga na utekeleze. Ya tano, hakikisha mfumo wote unafanya kazi. Ya sita, andika: ulichokuta, ulichofanya, matokeo. Hatua ya kunusa haipo, baba. Nimeitafuta mpaka kwenye faharasa.

Nasoma kila siku saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya kazi, kwenye stoo ya mashine mbovu. Nakaa juu ya katoni, nimezungukwa na skrini zilizokufa, nakariri idadi ya pini za kila aina ya ramu, vile vibao vya kumbukumbu, kama mtoto wa chekechea. Nani alikwambia mkono huhesabu pini? Mkono huona mkato kwenye ukingo na kujua hii inaingia pale. Lakini skrini haina mkato wa kushika. Nikifika pini za mia mbili na kitu, za kwanza zimeshadondoka.

Jana mmoja wa vijana alinikuta humo. Akaniambia, kwa wema kabisa, "Mama, ukikipata usistarehe sana. Cheti kinakwisha muda baada ya miaka mitatu, unarudia." Kumbe hata kujua kuna tarehe ya kuharibika, kama maziwa.

Sisemi haya ili ukasirike. Hasira yako naipenda, lakini haina nafasi kwenye yale majibu manne.

Binti yako,
Pua


22 Aprili

Mwanangu Pua,

Marahaba. Niko salama. Kifua kimetulia, kimeniachia kikohozi kidogo cha kumbukumbu. Wasalimu wajukuu, na huyo mrefu mwambie mlingoti nao ni mrefu.

Nimekisoma kitabu mara mbili. Mara ya kwanza kwa hasira. Ya pili kwa mita mkononi. Nimekuwekea maswali kumi kwenye karatasi ya pili. Jibu bila kufungua kitabu, unitumie. Tutafanya hivyo mpaka Agosti, hata ikibidi posta waniwekee kitanda.

Nilitaka kukupa silaha za kukipiga. Ninazo. Ukurasa wa arobaini na mbili una uvivu uliovishwa koti. Ukurasa wa sitini umeandikwa na mtu ambaye hajawahi kukosa spea hata siku moja maishani mwake. Lakini nikisema kweli upande mmoja tu, nitakuwa kama wao. Ile hatua ya kwanza, kumwuliza mtumiaji, ni ya haki. Mimi niliwafukuza wateja. "Nyamaza, redio itaniambia yenyewe." Siku nzima nikatafuta kosa ambalo mwenyewe angenieleza kwa sentensi moja: iliangukia kwenye ndoo.

Halafu kuna ukurasa wa tisini na moja. Unasema kisanduku cha umeme hakifunguliwi kwa sababu vipipa vyake hushika chaji hata baada ya kuchomolewa, na chaji hiyo inaua.

Mwanangu, unavijua vidole vyangu viwili vya mkono wa kushoto, visivyokunjika. Nimewaambia nyote kwamba nilianguka na baiskeli. Baiskeli haikuniangusha. Ilikuwa televisheni ya mwalimu mmoja. Niliichomoa jana yake, nikalala, nikaamka, nikanywa chai, nikaifungua. Ilinirusha mpaka kwenye ukuta wa pili. Mama yako ndiye aliyenikuta, akadhani amekuwa mjane. Nilimwapisha asiwaambie. Amekufa na kiapo changu, Mungu amrehemu.

Na wiki iliyofuata nilikuketisha mapajani, una miaka saba, nikakufundisha kuifungua ileile.

Nimeukalia ukurasa huo siku nne. Kitabu chao kinasema kweli. Sikufungua visanduku kwa sababu ni ufundi. Nilifungua kwa sababu sikuwa na kingine cha kuweka. Umaskini wangu niliupa jina la ufundi, nikaupigia kelele miaka thelathini na nne, nikakurithisha. Sasa ndio unaokufelisha.

Jibu maswali.

Baba yako


30 Juni

Baba,

Shikamoo. Nimechelewa, nisamehe. Afya yako? Sisi wazima.

Majibu ya maswali yako kumi nimeyaambatisha. Nadhani manane ni sahihi. La tisa umelitega makusudi, nakujua.

Barua yako ya Aprili niliisoma stooni juu ya katoni yangu. Nilikasirika. Si kwa ajili ya televisheni. Nilikasirika kwa sababu nilikuwa na ukuta mmoja wa kuegemea, nao ulikuwa wewe ukipiga kelele kwamba wao ndio wajinga. Ukaubomoa kwa barua moja. Ungengoja basi mpaka Agosti ipite!

Nilikaa hivyo, wiki baada ya wiki, mpaka tukafika tarehe 9 mwezi huu. Kompyuta ya maabara ilizima. Ndiyo inayosoma mashine ya damu. Ikilala, hakuna majibu. Nje kwenye mabenchi walikuwa watu wapatao thelathini, wengine wameshika vipande vya pamba mkononi tangu asubuhi. Vijana wakapima, wakasema sawasawa kama kitabu: kisanduku cha umeme kimekufa, kibadilishwe. Kingine hakipo. Fomu ya kuagiza huchukua wiki tatu.

Nilisubiri waende kula. Nilichomoa, nikangoja saa nzima, nikatoa chaji kwa waya wenye kizuizi kama ulivyonifundisha, nikafungua. Barua yako ilikuwa mfukoni mwangu. Vipipa viwili vilikuwa vimevimba kama mashavu. Nikaweka viwili vya mwisho nilivyokuwa navyo. Saa tisa alasiri maabara ilikuwa inatoa majibu, na mama mmoja wa maabara alinishika mkono akautikisa kama bomba la maji.

Bwana Utaratibu aliniita kesho yake. Mezani palikuwa na lakiri ya dhamana ya kisanduku niliyoikata.

"Hii ni nini, mama?"

"Maabara inafanya kazi."

"Sikuuliza maabara. Hapa si gereji. Ungekufa pale sakafuni, kosa lingekuwa la nani?"

Baba, sikia kejeli hii. Miezi yote hii nimemchukia, na siku hiyo alikuwa anasema maneno yako. Alinipa barua ya onyo. Alisema jambo moja zaidi, akiinamisha macho: "Ukiwa na cheti ningeweza kukutetea."

Tangu siku hiyo sijafungua mashine yoyote. Wakiniita, nanusa, halafu naona aibu kama niliyekutwa nachungulia dirisha la watu. Siamini tena mkono wangu, na wa kitabu sina.

Binti yako,
Pua


21 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima.

Tisa kati ya kumi. La tisa ulipata, la tatu ndilo ulilokosa, nami sikulitega hata kidogo.

Sitaandika mengi, sitaki maneno yangu yakae kichwani mwako siku hiyo. Kichwa ni kama ubao, nafasi ni chache. Sikia hili tu. Ukifika kwenye swali na ukasikia mkono wako unataka jambo, jua ni mimi. Nikatae. Jibu lao ni badilisha. Bofya badilisha. Badilisha ramu, badilisha kisanduku, ukiona na picha yangu ibadilishe. Ukishapata karatasi yao, uitundike ukutani, ndipo uvute kiti karibu na mashine ufanye unalolijua.

Nimebishana maisha yangu yote na sijawahi kumwomba mtu ashindwe mabishano. Nakuomba wewe. Washindwe nao baadaye.

Baba yako


26 Septemba

Mwanangu Pua,

Salamu zangu zikufikie popote ulipokaa kimya. Mimi ni mzima. Nakwenda posta kila Jumanne na Ijumaa. Karani amechoka nami. Akiniona anatikisa kichwa tangu nikiwa ng'ambo ya barabara, ili nisisumbuke kuvuka. Mimi navuka. Pengine ametikisa nzi.

Agosti imepita, Septemba inakwisha. Mara ya kwanza ulinyamaza miezi mitatu kwa sababu umefeli, kwa hiyo kimya hiki nakisoma kama habari mbaya. Lakini pia mtu akifaulu hupewa kazi nyingi. Nimejiambia hivyo wiki tano.

Ngoja nikueleze nilichofanya, labda utacheka uniandikie. Tarehe 14 Agosti, saa tatu kamili, saa uliyokuwa ukikaa kwenye kile kiti, nilibeba kopo mikono miwili nikaenda nalo kwenye shimo la taka nyuma ya soko. Niliona haiwezekani nikwambie ukatae mkono wangu, nami huku nimekaa nao mezani umejaa ndani ya kopo. Nilitaka uwe mwepesi. Nikamimina vyote. Vililia kama mvua ya mawe, na mimi nisiyesikia nilivisikia.

Muuza mkaa aliniona. Akapaza sauti mpaka nikamsoma midomo: "Jamani, Mzee Usitupe ametupa!" Soko zima lilicheka. Nami nilicheka. Nilirudi nyumbani na kopo tupu, nikapanda ndani yake kitunguu.

Niandikie, hata neno moja. Likiwa baya tutabishana nalo.

Baba yako


29 Septemba

Baba,

Shikamoo. Sijui kama umeniandikia tangu Julai. Nilikuwa siendi kwenye sanduku la barua, niliogopa kukuta mwandiko wako. Natumaini wewe ni mzima. Wajukuu wako hawajambo. Mimi naandika kwa hatua zao, kwa sababu kwa njia nyingine nimejaribu mara sita nikachana.

Hatua ya kwanza, mwulize mtumiaji. Mtumiaji ni mimi. Anasema: sabini na tatu. Ni mbili tu, baba. Mbili.

Ya pili, dhana ya chanzo. Karatasi ya matokeo imeandika kwamba nimeanguka sehemu ya kutafuta hitilafu. Sehemu yetu. Pini nilizipata zote.

Ya tatu, jaribu dhana. Nilirudi kwenye kitabu na maswali niliyoyakumbuka. Moja lilikuwa hivi: "Kompyuta imehamishwa kutoka chumba kimoja hadi kingine. Ikiwashwa inalia mara tatu na skrini ni nyeusi. Utafanya nini kwanza?" Mkono wangu ulijua. Chomoa ramu, ifute, ichomeke tena. Ndicho kitu cha kwanza ulichonifundisha baada ya kunusa: kilichotikiswa kikaze kabla hujakilaumu. Jibu hilo lilikuwepo, la tatu kutoka juu. Nikasema, huyu ni baba, ni mtego. Nikabofya badilisha. Yalikuwa matano au sita ya namna hiyo. Waya uliolegea: badilisha. Feni iliyojaa vumbi: badilisha. Kitabu kinasema chomeka tena. Kitabu kinasema futa. Yapo ukurasa wa themanini, baba, sote wawili tuliyapita kwa sababu hayakuwa na ugomvi nasi.

Ya nne, mpango. Mkataba wangu unakwisha kesho. Kazi yangu ya mwisho wamenipa ya kubandika lebo za kutupwa kwenye mashine za stooni, arobaini na moja. Nimezinusa zote. Kumi na tisa zingeamka kwa vipipa tu, vya kwenye ubao, si vya kwenye kisanduku. Visanduku nakuahidi sitafungua tena. Nilimwuliza Bwana Utaratibu kama naweza kuzichukua. Akasema, "Chukua, mama, ni takataka," akanisaidia kubeba ya kwanza mpaka getini. Yule mwenye fotokopi amenipa pembe ya meza yake. Ndiyo mpango wote. Si mkubwa.

Vipipa vinavyouzwa huku ni vya bandia, vinapasuka wiki ya pili. Vilivyo vizima navijua viko wapi. Nitumie kopo, baba. Lote. Ni kitu pekee nilichonacho.

Ya tano, kuhakikisha, bado.

Ya sita nimeimaliza hapa.

Binti yako,
Pua


17 Oktoba

Mwanangu Pua,

Marahaba. Mimi ni mzima, ila magoti yana tope.

Barua yako ilifika Ijumaa. Yangu ya tarehe 26 itakuwa ilikufikia siku chache baada ya kutuma yako, zimepishana njiani. Kwa hiyo unajua kopo liko wapi, nami najua kwamba ulisoma habari hiyo ukiwa umekaa kwenye hiyo pembe ya meza. Kwa hilo sina utetezi. Nimewashtaki watu wengi kwa maandishi, na sijaona kesi iliyo wazi kama hii.

Wanasema maji yakimwagika hayazoleki. Huyo aliyesema alikuwa mvivu, na vipipa si maji. Nilikwenda shimoni siku ileile. Nimekwenda siku tano. Mvua ilinyesha Agosti yote na wamechoma taka mara mbili juu yake. Muuza mkaa alikuja kusimama ukingoni kunicheka, halafu akaniazima koleo, halafu akashuka mwenyewe.

Hatua ya sita nami naiandika, tusije tukasema hatukusoma.

Nilichokuta: vipipa themanini na nne kati ya mia saba na zaidi. Vingi vimeungua, vingine vimepasuka tumbo, vingine vimeoza miguu.

Nilichofanya: niliviosha, nikavikausha siku mbili juani, nikavipima kimoja kimoja. Mkono unatetemeka siku hizi, kwa hiyo kila kimoja nilikipima mara tatu. Kisha nikavipima tena kwa kuwa sikukubali.

Matokeo: vitatu. Nimevifunga kwenye pamba ndani ya bahasha hii.

Baba yako